Amplifaya chotara: Valvu yenye sifa nyingi si lazima iwe ndiyo inayokufaa

MAGADI yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, ni mojawapo ya malighafi zinazotumiwa kutengeneza kioo. Kampuni ya Magadi Soda iliasisiwa mwaka 1911, na reli iliyojengwa kwa ajili ya bidhaa hiyo inapitia mjini Kajiado kuelekea Konza.

Huko Kitengela nako, wamo wasanii wanaosifika kwa ustadi wa kuyeyusha vioo vikuukuu na kuvigeuza kuwa bilauri na mapambo.

Hata hivyo, ipo bidhaa moja ya kioo ambayo fundi wa eneo hili hana budi kuiagiza kutoka ng'ambo au kuisaka katika redio za kale. Bidhaa hiyo ni valvu ya kukuza sauti.

Wapenzi wa muziki wanaounda amplifaya zao wenyewe nyumbani wamerudi kuienzi valvu, hasa katika amplifaya chotara, yaani ile inayochanganya valvu na transista. Tatizo ni kwamba wengi wao huchagua valvu kwa kufuata jina lake. Matokeo yake ni fedha kupotea, sauti kudorora na, wakati mwingine, maisha kuhatarishwa.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo fundi anapaswa kuyapima kabla ya kununua.

Valvu ni nini?

Valvu ni mrija wa kioo ambao hewa yote imeondolewa ndani yake. Katikati mna kathodi, ambayo hupashwa moto kwa waya mwembamba unaofanana na ule wa balbu. Inapopata moto, kathodi hiyo hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba la chuma liitwalo anodi ambalo lina volti nyingi.

Baina ya viwili hivyo kuna gridi, ambayo ni waya uliosokotwa kama kichujio. Gridi ndiyo bawabu. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huzua badiliko kubwa kwenye anodi, na hivyo ndivyo sauti hafifu inavyokuzwa.

Mwingereza John Ambrose Fleming alivumbua valvu ya kwanza, isiyokuwa na gridi, mwaka 1904. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest aliongeza gridi. Redio zote za zamani zilizokuwa na sanduku la mbao, zile zilizokawia kidogo kabla ya kutoa sauti baada ya kuwashwa, zilitegemea uvumbuzi huo.

Transista ilipovumbuliwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, enzi ya valvu ilianza kufifia. Transista ni ndogo, haihitaji kupashwa moto na hutumia umeme kidogo.

Kwa nini chotara?

Amplifaya ya valvu tupu inahitaji transfoma maalumu baina ya valvu na spika, kwa sababu valvu hutoa volti nyingi lakini mkondo mdogo, ilhali spika inataka kinyume chake. Transfoma hiyo ni nzito, ni ghali na ni vigumu kuisuka vyema.

Amplifaya chotara huiondoa gharama hiyo. Valvu moja ndogo hupewa kazi ya kwanza ya kupokea na kukuza volti za sauti, kisha transista au chipu kama vile TDA2050 au LM3886 hufanya kazi nzito ya kuendesha spika.

Wazo hili si geni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, redio nyingi za magari zilikuwa na valvu katika sehemu ya kupokea mawimbi na transista katika sehemu ya kutoa sauti.

Je, valvu huboresha sauti? Wanaotumia vipimo watakwambia kwamba chipu ya kisasa hunakili sauti kwa usahihi zaidi. Valvu huongeza rangi yake kidogo, na masikio mengi huipokea rangi hiyo kama utamu. Kwa hivyo, anayeweka valvu anafuata ladha. Lakini hata ladha hiyo haipatikani iwapo valvu iliyochaguliwa haiafikiani na saketi yake.

Kosa la kwanza: Kutafuta nguvu

Valvu mashuhuri kuliko zote ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Hutumiwa katika amplifaya za magita na hukuza takriban mara 100 kwa hesabu ya kiwandani. Fundi mgeni akisikia idadi hiyo, huamini kwamba amepata dawa.

Tuchukue mfano. Fundi wa Kitengela anataka amplifaya ya wati 30 kwa spika ya omu 8. Ili kutoa wati hizo, spika yahitaji takriban volti 15.5. Simu yake ya mkononi inatoa nusu volti. Kwa hivyo, ukuzaji wote unaotakikana ni mara 31.

Chipu yake tayari inakuza mara 20. Kazi inayobakia kwa valvu ni kukuza mara moja na nusu tu, wala si mara 100.

Akiweka ECC83 hapo, kitufe cha sauti kitalazimika kukaa karibu na sufuri daima, na kila mngurumo wa transfoma na mchakarisho wa saketi utakuzwa pamoja na muziki.

Kosa la pili: Kusahau ukinzani wa ndani

Jambo ambalo wengi hawalitazami kabisa ni ukinzani wa ndani wa valvu. Huu ndio unaoamua iwapo valvu itaweza kuisukuma chipu inayoifuata.

Chipu nyingi huundiwa mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani wa takriban omu 22,000. Ukinzani wa ndani wa ECC83 ni takriban omu 62,000. Ni sawa na mtu anayejaribu kujaza birika kubwa kwa mrija wa kunywea soda.

Ukiipa ECC83 resista ya omu 100,000 kwenye anodi, itakuza takriban mara 61 ikiwa peke yake. Ukiiunganisha na chipu hiyo, ukuzaji huporomoka hadi takriban mara 22. Karibu thuluthi mbili za kazi yake zimepotea, na valvu inalazimika kufanya kazi katika hali inayoharibu umbo la sauti.

Sasa linganisha na ECC82, au 12AU7. Yenyewe hukuza takriban mara 17 kwa hesabu ya kiwandani, na katika mikondo midogo ukinzani wake wa ndani ni kama omu 10,000. Kwa resista ya omu 47,000 kwenye anodi, hukuza mara 14 ikiwa peke yake na mara 10 ikiunganishwa na chipu. Imepoteza chini ya thuluthi moja, na bado imebakisha zaidi ya kinachotakikana.

Nayo ECC88, au 6DJ8, hukuza takriban mara 33 kwa hesabu ya kiwandani na ukinzani wake wa ndani ni omu elfu chache tu. Hupoteza kidogo mno inapounganishwa na chipu. Isitoshe, hufanya kazi vyema kwa volti za chini, kiasi cha volti 90 kwenye anodi, ambapo valvu nyingine huanza kulegea.

ECC81, au 12AT7, iko katikati kwa ukuzaji wa mara 60 hivi, lakini katika kazi hii haina jambo la ziada inalolishinda kundi lile.

Hii haina maana kwamba ECC83 ni mbaya. Anayetaka kuunganisha gita au maikrofoni, ambazo sauti yake ni hafifu mno, ataihitaji. Lakini hata hapo sharti ifuatwe na hatua nyingine yenye ukinzani mdogo kabla ya kuifikia chipu.

Kapasita inayoiunganisha valvu na chipu nayo isipuuzwe. Michoro ya amplifaya za magita aghalabu huonyesha kapasita ya maikrofaradi 0.1. Mbele ya omu 22,000, kapasita hiyo huanza kuzima besi kuanzia mawimbi 72 kwa sekunde kushuka chini. Ukiweka ya maikrofaradi 1, mpaka huo hushuka hadi 7, na besi yote inapita.

Kusoma majina

Majina ya valvu hutisha, ila yana utaratibu. Katika mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza hueleza umeme wa kupasha moto. E ni volti 6.3, na P ni mkondo wa ampea 0.3. Herufi C huashiria valvu yenye kathodi, gridi na anodi pekee, na CC ni valvu mbili za aina hiyo katika mrija mmoja. Ndiyo maana ECC82 moja yatosha spika ya kushoto na ya kulia.

Katika mfumo wa Marekani, nambari ya kwanza hukaribia volti za kupasha moto. 12AU7 ni volti 12.6, na 6DJ8 ni volti 6.3.

Hapa pana mtego uliounguza valvu nyingi. ECC81, ECC82 na ECC83 zina waya wa joto wenye sehemu mbili. Ukiunganisha mguu wa 4 na wa 5, zinahitaji volti 12.6. Ukiunganisha miguu hiyo kwa pamoja dhidi ya mguu wa 9, zinahitaji volti 6.3.

ECC88 ina miguu 9 vilevile na huingia katika soketi iyo hiyo, lakini waya wake wa joto uko kati ya mguu wa 4 na wa 5 na unataka volti 6.3 pekee. Ukiichomeka katika soketi iliyotayarishwa kwa ECC82 ya volti 12.6, utaiunguza.

Vilevile, ECC88 haitakiwi kupewa zaidi ya volti 130 kwenye anodi, ilhali ECC82 huvumilia hadi 300.

Mafundi wengine huweka valvu ya Kirusi ya 6N1P mahali pa ECC88. Inawezekana, lakini hiyo yataka ampea 0.6 za kupasha moto badala ya 0.365. Transfoma ndogo ikikadiriwa kwa ECC88, italemewa.

Stima na sola

Nchini Kenya, stima ya nyumbani ni ya volti 240, lakini transfoma nyingi zinazoingizwa zimesukwa kwa volti 220. Tofauti hiyo huongeza kila kitu kwa asilimia 9. Volti 6.3 za kupasha moto hugeuka kuwa karibu 6.9.

Kikomo kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 10 juu au chini. Maana yake ni kwamba stima ikipanda kidogo tu, valvu imeshavuka mpaka na uhai wake unapunguka. Dawa ni kununua transfoma ya volti 240, au kuupasha waya wa joto kwa umeme wa moja kwa moja uliopitia kidhibiti volti.

Katika maboma yaliyo mbali na nyaya za stima, kuelekea Magadi na Namanga, wengi hutegemea sola na betri ya volti 12. Hapo ECC82 ina nafasi nzuri, kwani waya wake wa joto wa volti 12.6 hutumia ampea 0.15 pekee, yaani chini ya wati 2. Ukisikiliza muziki saa tano, umetumia chini ya wati 10 kwa saa katika betri.

Lakini usiiunganishe moja kwa moja. Betri ya asidi inapochajiwa na jua kali hufika volti 14.4, ambazo zimezidi kipimo kwa asilimia 14. Usiku wa manane hushuka hadi 11, na hapo kathodi haipati moto wa kutosha. Weka kidhibiti kinachoweza kupandisha na kushusha volti, ukipime kwa mita, kisha ndipo uchomeke valvu.

Wapo wanaodai kwamba valvu inaweza kutumia volti 12 hizo hizo kwenye anodi pia. Ilikuwako valvu iliyoundwa kwa kazi hiyo, ECC86 ya redio za magari, lakini sasa ni adimu. ECC82 ikipewa volti 12 kwenye anodi hupitisha mkondo mdogo mno, na sauti huanza kukwaruza mapema.

Jihadhari vilevile na vifaa vya bei rahisi vyenye valvu ndogo na taa ya rangi ya chungwa iliyofichwa chini ya soketi. Mng'ao unaouona si moto wa kathodi. Ni pambo.

Joto na vumbi

Mjini Magadi, joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 35 za Selsiasi. Valvu yenyewe haitishiki, maadamu imezoea moto. Wanaoumia ni majirani zake.

Kapasita za kuhifadhi umeme hupoteza takriban nusu ya uhai wao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Nunua zile zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, na uziweke mbali na valvu. Chipu nayo ipewe bamba la kupozea lililo kubwa kuliko lile ambalo fundi wa Limuru angetumia.

Vumbi lenye chumvi likipata unyevu hupitisha umeme. Kwenye soketi yenye volti 200, hilo huleta kelele na hata cheche. Funika saketi, ila acha matundu ya hewa, na usafishe miguu ya valvu mara kwa mara.

Kununua bila kupunjwa

Viwanda vikubwa vya valvu vilivyosalia duniani ni vichache, na viko hasa Slovakia, Urusi na Uchina. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, biashara hiyo ilitatizika na bei zikapanda.

Kwa sababu hiyo, valvu kuukuu zilizofutwa na kuandikwa upya zimezagaa. Iwe unanunua katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mtandaoni au kwa fundi mzee wa redio, tazama doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo. Doa hilo hunasa mabaki ya hewa. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Tazama pia miguu, kwani iliyochakaa au kupinda ni dalili ya matumizi ya muda mrefu. Kisha pima waya wa joto kwa mita. Ukikosa kusoma chochote, umekatika.

Usalama kwanza

Chipu ya volti 25 hukuzoesha kushikashika saketi ovyo. Valvu haisamehe tabia hiyo. Anodi yake ina volti 90 hadi 250 za umeme wa moja kwa moja, na hizo zaweza kuua.

Usizipate volti hizo kutoka kwa stima moja kwa moja. Sharti kuwe na transfoma inayotenganisha saketi na nyaya za ukutani. Kasha la chuma liunganishwe na waya wa ardhini, na fyuzi isikosekane.

Kumbuka kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuzima. Weka resista ya omu 220,000 yenye uwezo wa wati 1 kati ya miguu yake. Kwa kapasita ya maikrofaradi 100, subiri angalau dakika mbili, kisha upime kwa mita kabla ya kugusa. Unapopima saketi iliyo na umeme, mkono mmoja ukae mfukoni.

Kapasita inayoiunganisha valvu na chipu iwe ya volti 400. Ikipasuka, volti za anodi zitaiangamiza chipu na huenda spika nayo ikafuata. Aidha, weka swichi inayochelewesha kuunganisha spika kwa sekunde 30, kwa sababu valvu inapopata moto volti za anodi huyumba na spika hupigwa kishindo.

Kwa muhtasari, mwenye stima na transfoma ya volti za wastani hatajuta akichagua ECC82 au ECC88. Anayetegemea sola aanze na ECC82 na kidhibiti kizuri. ECC83 abakiziwe mpiga gita.

Kabla ya kutoa fedha, andika mambo manne kwenye karatasi: ukuzaji unaohitaji, ukinzani wa chipu yako, volti za anodi ulizo nazo na umeme wa kupasha moto. Valvu inayojibu yote manne ndiyo yako, hata kama jina lake halivumi.